Kisafishio cha uso mkavu: someni mgongo wa chupa

Mhariri,

Makala za urembo zinapozungumzia ngozi kavu, picha huwa ni ya upande wa mbele wa chupa: jina kubwa, ua, tone la maji. Upande huo hauna la kumsaidia mnunuzi. Habari ziko nyuma, kwa herufi ndogo, na mwenye ngozi kavu asiye na pesa za kuchezea ndiye anayezihitaji kuliko wote. Tunaomba nafasi tueleze namna ya kuzisoma, kwa sababu kisafishio kinachoifaa ngozi kavu si lazima kiwe ghali, na vingi vilivyo ghali haviifai.

Tuanze na pesa. Kisafishio hukaa usoni nusu dakika kisha huenda na maji. Vitamini C, kolajeni, dondoo za mimea adimu na vingine vinavyopandisha bei huondoka nacho kabla havijafanya lolote la maana. Kazi yake ni kutoa jasho, vumbi, mafuta yaliyozidi na mabaki ya krimu ya kukinga jua, basi. Pesa inayookolewa hapo iende kwenye krimu au losheni ya kupaka, maana hiyo hubaki usoni kwa saa nyingi.

Uso ukioshwa vibaya unapoteza nini? Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, safu 15 hadi 20 hivi, na baina yake mna mafuta: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoroke. Ndani ya seli zenyewe mna viambato vinavyoshika maji, kama asidi amino na urea, ambavyo huyeyuka upesi na kuondoka mafuta yakishatoka. Uso wa ngozi una asidi kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi hupungua), ilhali sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Kipimo hiki huzidisha mara kumi kwa kila hatua, kwa hiyo kutoka 5.5 hadi 9.5 ni tofauti ya mara 10,000. Katika alikali, yaani kinyume cha asidi, ya namna hiyo seli huvimba na mafuta husombwa. Zaidi ya hapo, vimeng'enya vinavyotengeneza seramaidi huzorota, na vile vinavyokata viungo baina ya seli huchangamka, ndipo uso huanza kubanduka. Ngozi yenye afya hujirudishia asidi yake baada ya saa chache. Ngozi kavu huchelewa, na ikioshwa tena kabla haijarudi, hasara huongezeka juu ya hasara.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: hii ni sabuni au si sabuni? Majina tunayaandika kama yanavyochapwa kwenye lebo, ili msomaji aweze kuyatambua. Sabuni halisi ya kipande hujitambulisha kwa Sodium Palmate, Sodium Palm Kernelate, Sodium Tallowate au Sodium Cocoate mwanzoni mwa orodha ya viambato. Sabuni nyingi za watoto zimo humo, na sabuni zinazoonekana kama kioo ziitwazo za glisarini zimo humo pia. Glisarini iliyomo hupunguza ukali kidogo, lakini pH haishuki kwa sababu hiyo. Neno "mtoto" kwenye karatasi nalo halibadili kemia.

Mtego mkubwa uko kwenye visafishio vya tyubu vinavyotoa povu zito jeupe. Huonekana kama krimu, na mtu husema amekwisha kuachana na sabuni. Geuza tyubu. Ukikuta Myristic Acid, Stearic Acid au Lauric Acid pamoja na Potassium Hydroxide katika majina matano au sita ya kwanza, hiyo ni sabuni iliyotengenezwa humo humo ndani ya tyubu, na pH yake iko juu. Usichanganye na hali mbili zisizo na neno: Stearic Acid peke yake kwenye kipande kisicho cha sabuni, ambako hulainisha na kushikamanisha, na Sodium Hydroxide mwishoni kabisa mwa orodha, ambako tone dogo hutumika kurekebisha pH tu.

Visivyo sabuni huosha kwa viambato vingine. Sodium Cocoyl Isethionate ndicho cha kutafuta kwenye kipande. Kwenye chupa, majina mapole ni Coco-Glucoside, Decyl Glucoside, Cocamidopropyl Betaine na yale yanayoanza na Sodium Cocoyl au Sodium Lauroyl yakamalizikia na Glutamate. Sodium Lauryl Sulfate, maarufu kwa herufi SLS, ni kali kiasi kwamba watafiti wa ngozi huitumia makusudi kuiwasha ngozi wanapopima uwezo wake wa kujikinga. Sodium Laureth Sulfate ni ndugu yake mpole zaidi, ingawa kwa uso mkavu sana bado si chaguo letu la kwanza.

Hata hivyo, asihukumu mtu chupa nzima kwa jina moja. Cetaphil, iliyobuniwa Texas, Marekani, mwaka 1947, kwa miaka mingi ilikuwa na SLS katika fomula yake ya awali, nayo ikajulikana kwa upole. SLS ilikuwa kidogo, imezungukwa na Cetyl Alcohol na Stearyl Alcohol, na kisafishio chenyewe karibu hakikutoa povu. Vilevile viambato vya kuosha vikichanganywa hufanya vishada vikubwa zaidi ndani ya maji, na vishada vikubwa hupenya ngozi kwa shida. Ndiyo maana chupa yenye viwili au vitatu kwa pamoja mara nyingi huwa laini kuliko yenye kimoja peke yake.

Hizo "alcohol" mbili tulizozitaja hivi punde huwatisha watu bure. Cetyl, Stearyl na Cetearyl Alcohol ni mafuta magumu yenye nta, na ngozi kavu huyafurahia. Ya kukimbia ni Alcohol Denat., yaani spiriti, ikiwa karibu na mwanzo wa orodha.

Orodha yenyewe hupangwa kwa uzito, kingi kwanza, hadi kufikia asilimia 1. Chini ya hapo mtengenezaji huruhusiwa kupanga anavyotaka. Utajuaje mpaka huo uko wapi? Tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi kinachopatikana katika bidhaa nyingi, ambacho sheria za Ulaya hazikiruhusu kuzidi asilimia 1. Chochote kilichoandikwa baada yake ni asilimia 1 au chini. Kwa kisafishio cha ngozi kavu, Glycerin iwe ya pili, ya tatu au ya nne. Ikija baada ya Phenoxyethanol imewekwa kwa ajili ya tangazo. Seramaidi huwa chini kabisa karibu kila mahali, na kwenye kitu cha kusuuzwa hatuoni sababu ya kuzilipia.

Manukato huandikwa Parfum au Fragrance. Ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi kwa watu wengi, na uso mkavu una mianya ya kuyapitisha. Limonene, Linalool, Geraniol na Citronellol ni manukato pia, hata yakitoka kwenye mafuta ya mmea. Maneno "Unscented" (bila harufu) na "Fragrance-free" (bila manukato) hayalingani: la kwanza laweza kumaanisha kwamba kimewekwa kinukizi cha kufunika harufu nyingine, kwa hiyo ni la pili unalolitaka. Kihifadhi Methylisothiazolinone nacho kimeleta mzio kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika bidhaa zinazobaki kwenye ngozi na kukibana kisizidi asilimia 0.0015 katika zile za kusuuzwa. Aliyewahi kupata mzio wake asikiguse hata hapo.

Maneno ya mbele yapite haraka. "Hypoallergenic" (si rahisi kuleta mzio) halina kipimo cha kisheria nchini Marekani. "Dermatologically tested" (kimepimwa kwenye ngozi) halisemi kilipimwa vipi wala matokeo yalikuwa nini. "pH neutral", likichukuliwa kama lilivyo, ni 7, nayo si pH ya ngozi. Bora kuona namba yenyewe imeandikwa, 5.5 au karibu yake. Na chochote kinachoahidi kung'arisha ngozi kirudishwe kabatini. Zebaki bado hukutwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za namna hiyo, ingawa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliagiza ziondolewe sokoni, na zebaki hudhuru figo.

Sasa bei. Usilinganishe chupa kwa chupa. Gawanya bei kwa mililita, kisha hesabu matumizi. Uso mmoja unahitaji mililita 1 hadi 2 za kisafishio cha maji, kwa hiyo chupa ya mililita 200, ikitumika mara moja kwa siku kwa mililita 2, hutosha siku 100. Chupa yenye pampu hupima vizuri na haiingizwi vidole. Kipande kisicho cha sabuni mara nyingi ndicho nafuu zaidi kwa kila kunawa, mradi kiwekwe kwenye kisahani chenye matundu kikauke, la sivyo huyeyuka na kuisha upesi. Kama maji yako ni magumu, yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, kipande hicho kina faida nyingine: sabuni halisi hushikana na madini hayo ikafanya utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na usoni pia.

Kuna ubanaji wa matumizi unaoharibu. Kuongeza maji kwenye chupa ili idumu ni mmojawapo: kihifadhi kilipimwa kwa ujazo ule, na kikipunguzwa nguvu vijidudu huota ndani. Changanya na maji kiganjani, usichanganye chupani. Angalia pia alama ya kopo lililo wazi, yenye 6M au 12M: ni miezi ambayo bidhaa hubaki salama tangu ifunguliwe, na chupa kubwa ya bei rahisi isiyoisha ndani ya muda huo si rahisi tena.

Kunawa kwenyewe kuna makosa mengi kuliko hata kununua. Mara moja kwa siku kwa kisafishio, jioni, inatosha. Asubuhi maji matupu, kwani usiku uso haukukusanya vumbi. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu ya moto huyalegeza mafuta ya ngozi yakaondoka zaidi. Nawa mikono kwanza. Lowesha uso, sugua taratibu kwa ncha za vidole sekunde 20 hadi 30, bila kitambaa, brashi wala chembechembe za kukwangua, kwani magamba ya ukavu hayatoki kwa kukwanguliwa. Suuza mpaka utelezi uishe, ukikumbuka mpaka wa nywele, chini ya taya na pembeni mwa pua, sehemu ambazo mabaki hukaa na kuwasha. Gusisha taulo safi bila kufuta, uso ubaki na unyevu, upake krimu ndani ya dakika tatu. Ukiacha unyevu huo ukauke wenyewe, uso hukauka zaidi ya ulivyokuwa.

Krimu ya jua isiyotoka kwa maji au vipodozi vizito havihitaji kisafishio kikali. Paka kwanza mafuta ya madini yasiyo na manukato, yale ya bei ndogo, sugua polepole, pangusa, kisha osha kwa kisafishio chako kipole. Mafuta ya zeituni hatuyapendekezi kwa kazi hii: yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo huvuruga mpangilio wa mafuta ya ngozi. Maji ya misela ("micellar water", ya kupangusia vipodozi kwa pamba) nayo yana viambato vya kuosha ndani yake, na hata lebo ikisema hayasuuzwi, mwenye uso mkavu ayasuuze.

Kipimo cha kujua kama umepata kinachokufaa hakigharimu kitu. Nawa, kausha, usipake chochote kwa dakika 15. Uso ukibana unapotabasamu, au krimu ya kila siku ikichoma unapoipaka, kisafishio kina nguvu mno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo tafuta rangi ya kijivu na mistari midogo midogo mashavuni. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na ukipe wiki mbili, kiasi cha muda ambao tabaka la juu huchukua kujibadilisha. Kikichoma au kuvimbisha, acha siku hiyo hiyo. Mtu asijipime mzio kwa kufunika kisafishio chini ya plasta: kiambato cha kuosha kikifungiwa hivyo humwasha yeyote, na matokeo yake hayamaanishi kitu. Akipime kwa kunawia sehemu ndogo chini ya taya siku kadhaa.

Magamba yaliyo na mafuta na rangi ya njano, yaliyojikusanya kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio, mara nyingi si ukavu. Huo ni ugonjwa unaohusishwa na kuvu aina ya Malassezia, na kisafishio kipole hakiutibu wala krimu nzito haiutibu. Unahitaji dawa ya kuvu. Kope zinazopasuka, mabaka yanayowasha usiku na nyufa zinazotoa maji ni za kumwonyesha daktari wa ngozi kabla ya kununua chupa nyingine yoyote.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wafamasia wawili