Wito wa harambee: vichanja vya dagaa kabla ya mvua

Wanakwetu mlioko Kigoma mjini, Tabora, Dar es Salaam na ng'ambo,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Tunaona haya kubisha hodi tena, maana mashine ya boti ya wagonjwa mliichangia ninyi ninyi, na inafanya kazi hadi leo.

Huku kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, akina mama bado wanaanika dagaa mchangani. Vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa, hutoka usiku wa giza, kwani mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa. Basi riziki ya mwezi mzima hufika mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, kwa siku chache. Mvua ikipiga siku hizo, dagaa waliokauka nusu hunywa maji, vichwa hukatika, nzi hutaga, kesho yake ni funza. Wanaonusurika huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mkopo uko palepale. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaane, jua zuri la kiangazi lilipita mwalo ukiwa mtupu. Hatubishani na sababu yake, ila uanikaji ulisukumwa kwenye mvua.

Tunaomba vichanja 9 vya kuanikia. Kila kimoja kina urefu wa mita 10, kimo mita 1, na upana mita 1.2 ili mkono ufike katikati. Nguzo ni 12 kwa kichanja, jumla 108, tunazo 40. Kila nguzo iwe mita 1.5, kwa kuwa nusu mita inazikwa, na hapo ipakwe oili chafu, la sivyo mchwa wataimaliza. Waya wa kuku roli 3 za mita 30, juu yake wavu wa matundu madogo, uvutwe ukakaze: ukilegea, maji hutuama na dagaa wa hapo huoza kwanza. Maturubai 9, pamoja na miti ya kuyainulia, maana turubai likiwalalia dagaa hutoa jasho nao hulainika kama uji. Misumari tumenunua.

Mwenye kifaa akifikishe mwalo wa Kibirizi, pale Kigoma. Manahodha watakileta bila nauli. Fedha itapokelewa na mweka hazina mbele ya mtendaji wa kijiji, stakabadhi zitabandikwa kwenye ubao wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Majina ya wachangiaji yatasomwa msikitini na kanisani. Ninyi mnaoagiza sado ya dagaa kila Desemba kisha mkalalamikia mchanga, tunayatazamia majina yenu.

Mwisho ni Septemba 30. Mvua zetu huingia Oktoba kuelekea Novemba, na nguzo zote hizo hazichimbiwi kwa siku moja.