Harambee: Madarasa ya Wadogo Yapande Juu ya Maji ya Lukuledi

Assalaam aleykum, na Bwana asifiwe. Wazazi, walezi, na ninyi mliosoma hapa mkahamia Dar es Salaam, shule yenu inawaita.

Maji yanayotutisha huanzia mbali. Mto Lukuledi hutoka upande wa Masasi, hushuka bondeni kati ya miinuko ya Makonde na Rondo hadi ghuba ya Lindi. Ndiyo maana huku Mingoyo jua linaweza kuwaka na mto unapanda. Ukikutana na bamvua ni balaa: bahari imejaa, mto hauna pa kumwaga, maji yanageukia mashamba na nyumba za watu.

Wazee wanayajua haya. Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 walisimuliwa. Mafuriko ya 1990 waliyaona kwa macho. Ndio walioshika fimbo wakatuonyesha kwenye mwembe, nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, maji yalikofika. Sakafu ya chekechea na ya darasa la kwanza iko chini ya hapo. Wadogo kabisa ndio tumewaweka bondeni, jamani!

Na mji unatanuka. Mgeni akionyeshwa kiwanja kikavu mwezi wa Septemba, nani atamwambia kuwa hapo ni njia ya maji? Kilwa walizika watu waliouawa na mafuriko Januari 2020. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara Somanga, sisi wa kusini tulitengwa na Dar es Salaam. Siku mbaya ikija, wa kwanza kuokoana ni sisi wenyewe.

Tunajenga madarasa mawili mteremkoni, msingi ukae juu ya alama ya wazee. Mawe tumeshasomba, matofali yanafyatuliwa kwa nguvu za wananchi. Kinachotushinda ni saruji, nondo na bati. Mwenye mfuko mmoja wa saruji alete, mwenye gari atusombee mchanga, mwenye shilingi 2,000 asione haya. Mnaosubiri fedha za korosho, andikisheni ahadi sasa, maana mvua hazitangoja malipo ya mnada.

Fedha akabidhiwe mweka hazina wa kamati ya shule peke yake, na stakabadhi uipate papo hapo. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni nje ya ofisi kila mwisho wa wiki.

Tukutane uwanja wa shule, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa tatu asubuhi. Kina mama wamejitolea kupika. Mwenye jembe na aje nalo, siku hiyo hiyo tunaanza kuchimba msingi.