Sindano, tumupe mutoto mwenyewe aishike

Bwana mhariri,

Jambo kwenu bote. Miye ni mama ya batoto bane hapa Goma, upande wa Katindo. Mutoto yangu wa pili iko na bugonjwa ya sukari tangu alikuwa na myaka 11, sasa iko na 16, na ni ile sukari ya batoto, haikutoka ku bonbo wala ku soda, ni mwili yenyewe iliacha kutengeneza insulini, ile yenye inashusha sukari mu damu. Minaandika juu kila mara nasikia banasema batoto kama hawa tuwape moyo, tuwaambie bakaze roho. Moyo ni muzuri. Lakini mutoto yangu alikuwa na moyo na ilibakia kidogo tu afe.

Tangu sindano ya kwanza ni miye nilikuwa navuta insulini mu seringi, ni miye napima damu, ni miye najua leo ni ngapi asubui na ngapi mangaribi. Niliona hiyo ndiyo kupenda mutoto. Hata kule tunamutibishia balikuwa banazungumuza na miye tu, yeye anakaa ku kiti anaangalia miguu yake.

Kisha mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, siku ya yenga, akaenda kusalimia mama yake mudogo kule Ndosho. Kesho yake masasi mu muji muzima, umeme ikakatika, maji ikakatika, intaneti hakuna, njia haipitike. Siku nne sikujua kama ni muzima. Insulini alikuwa nayo mu kamufuko, seringi pia, mukono wa mama ndio haukukuwa. Na chakula ilikuwa kidogo, kasahani kamoja ka bugali ku siku, basi yeye na mama mudogo bakajiambia kama hatukule basi na sindano tuache, isije ikashusha sukari sana ikamuangusha. Siku ya tatu akaanza kutapika, anamaliza maji ya bido yenye batu bote banategemea, anapumua kwa nguvu kama mutu anapanda mulima, na pumzi inanuka kama matunda ya kuoza. Bakazani ni malaria. Jirani mumoja mwenye alisomea uganga ndiye alisikia ile harufu akauliza: huyu mutoto amepiga sindano lini? Mungu amubariki yule papa.

Bazazi benzangu, sikieni hii. Sindano haiachwe kabisa, hata siku ya njaa, hata siku ya kutapika. Kipimo inaweza kupunguzwa, lakini namna ya kupunguza mutoto anapaswa kuwa amefundishwa na munganga mbele, wakati kungali amani, na afundishwe yeye, haina mama peke yake.

Toka ile siku nimemuachia. Haikukuwa rahisi, mwezi wa kwanza nilikuwa nasimama nyuma ya mulango nasikiliza. Sasa anapima mwenyewe, anaandika mu kakaye yake, anavuta mwenyewe, miye naangalia tu na siku ya posho tunasoma zile namba pamoja. Chupa yenye imefunguliwa anaandika tarehe juu yake, juu inje ya frigo inaweza kukaa kama wiki nne kama hakuna joto mingi, na zingine tunaweka mu nyungu ndani ya nyungu kubwa, katikati muchanga ya kulowana. Hiyo anaitengeneza yeye, na anakasirika mudogo wake akisahau kumwangia maji.

Ku masomo alikuwa anajificha. Mwalimu mumoja alimukatalia kutoka kwenda kukojoa, na wakati alikonda balisema ni karuho, ile sumu, amekulishwa. Basi akachagua barafiki babili, akabaelezea: mukiniona natetemeka, jasho inanitoka, nasema maneno haieleweke, ni sukari imeshuka sana, munipe sukari mu maji mbio mbio, na kama nimeanguka sijijue musinimwangie kitu mu kinywa, munipeleke ku hospitali. Juzi ilimufikia mu mutihani, rafiki akasimama bila kuomba ruhusa, akatoa sukari mu mufuko. Mutoto akamaliza mutihani. Mukitaka kujua nguvu inatoka wapi, mbele yangu ilitoka pale.

Kuko na binti mumoja jirani, iko na myaka 19, anapiga sindano mu choo juu anaogopa hakuna mwanaume atamuoa. Kijana yangu ndiye mutu wa kwanza mwenye sukari kama yeye alizungumuza naye, bakakaa mu lupango masaa mbili, miye nabapelekea chai bila sukari.

Naomba benye kuongoza bituo bya afya, siku ya kontrole muite batoto hawa pamoja, bakutane, na mubaulize bo, tuache sisi bamama tungoje inje. Na wewe Bwana mhariri, kama unaweza kubapatia kafasi mu gazeti, kijana yangu amekwisha kuandika yake, iko mu kakaye ile ile ya namba.

Mama wa Katindo, Goma