Kaunti zituuzie nafasi ya kambi, si risiti ya langoni tu

Bw Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na serikali za kaunti zenye mbuga za wanyama, hasa mawaziri wao wa utalii. Mimi ni mpishi wa safari za kambi. Kazi yangu ni kuketi nyuma ya gari na mitungi ya gesi, masanduku ya sufuria na mahema, kisha jioni nihakikishe wageni wamekula chakula moto pahali pasipo na jiko wala stima. Madereva husikika sana katika mambo ya utalii. Sisi wapishi hatuulizwi kitu, ilhali anayejua kama kambi ina maji ni mpishi.

Wakenya wengi hudhani kila mbuga ni ya KWS, yaani shirika la serikali kuu la wanyamapori. Sivyo. Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok. Mbuga ya Samburu ni ya Kaunti ya Samburu, na ukivuka mto Ewaso Ng'iro ukaingia mbuga ya Buffalo Springs tayari uko Isiolo. Ziwa Bogoria ni la Baringo. Kila kaunti ina ada zake, masharti yake na njia yake ya kupokea pesa, na anayezunguka zote kwa safari moja inabidi abebe masharti ya kila lango kichwani.

Sina ugomvi na masharti yenyewe, hata yale makali. Tangu 2024 tiketi ya Mara ni ya saa kumi na mbili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mtu mzima kutoka ng'ambo hulipa dola 100 kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Aliyelala ndani anatakiwa awe ametoka saa nne asubuhi siku yake ya kuondoka. Madereva walilalamika mpaka wakachoka, nami pia jambo hilo lilinipindulia ratiba. Zamani wageni walienda kutazama wanyama alfajiri, wakarudi kula mayai na soseji bila haraka huku tukikunja mahema. Siku hizi asubuhi ya kuondoka nachemsha chai gizani, maandazi nayafunga kwenye karatasi na sufuria naziosha tukifika mjini. Lakini sharti lilitangazwa, kampuni zikapanga safari upya, kazi ikaendelea.

Plastiki ni vivyo hivyo. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mwanzoni maaskari walitoa chupa nyingi garini, na wageni wengine walinuna. Leo nabeba maji kwenye jerikeni, kila mgeni ana chupa yake ya kujaza, na langoni hatupotezi hata dakika tano kwa jambo hilo. Sharti ambalo mtu alilijua kabla ya kutoka nyumbani halimgombanishi na askari. Lile analolikuta langoni ndilo huzaa maneno, na baada ya maneno mtu anaulizwa kama hana "kitu kidogo" cha kulimaliza.

Shida yangu ni nafasi ya kulala.

Pasaka iliyopita tulikwenda mbuga moja ya kaunti. Sitaitaja, maana yaliyotupata huko yangeweza kutupata kwingine. Ofisi yetu ilikuwa imetuma pesa mapema na ikajibiwa kwamba nafasi ipo. Tulifika saa kumi na moja jioni. Karani, kijana mwenye adabu kabisa, akapekua daftari lake mbele na nyuma. "Mzee, hizo tarehe hazijanifikia hapa." Daftari la nafasi linakaa makao makuu mjini, na yeye langoni ana lake. Akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao ampigie mkubwa wake, akashuka, akapanda tena. Mwishowe akatuandikia risiti tukaingia.

Kambini tulikuta basi la shule, mahema ya wanafunzi yamejaa chini ya migunga, na familia mbili za Nairobi zimefungulia muziki kwenye gari. Mfereji ulikuwa mmoja, ukitoa maji membamba kama uzi. Vyoo vilikuwa viwili, kimoja kimefungwa kwa kufuli ambayo hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi. Hakuna aliyekuwa ameingia kwa ujanja. Mwalimu alinionyesha risiti yake, nami nikamulika yangu kwa tochi ya kichwani. Zote mbili zilisema kitu kilekile: kuingia, kambi, idadi ya watu, pesa. Jina la kambi halikuwemo. Idadi ya siku haikuwemo. Kwa risiti ile ningeweza kupiga hema popote, yaani hakuna pahali palipokuwa pangu. Mwalimu akaniomba maji moto ya uji wa watoto, nikampa, na muziki ukazimwa baada ya kubembelezana. Lakini wageni wangu walikuwa wamelipia utulivu miezi mingi kabla, na wakaniuliza swali ambalo halikuwa langu kulijibu.

Kuna watakaosema huo ni usumbufu mdogo wa wenye pesa. Basi waikumbuke tarehe 1 Mei 2024. Mto Talek ulivunja kingo zake, maji yakaingia kambi nyingi za Mara, na watu wakaondolewa kwa helikopta. Kambi za kudumu zina meneja na orodha ya vyumba. Sisi wa mahema hujipanga kando ya mto kwa sababu huko ndiko kwenye kivuli na maji, na udongo mweusi wa Mara ukilowa, gari halitoki hata ukilisukuma kwa maombi. Usiku kama huo, askari anayeangalia nakala ya risiti langoni atajua tuko kumi na wawili ndani. Atajua tuko kona gani? Hatajua. Orodha ya nani amelala kambi ipi ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayomwambia mwokoaji aanzie wapi.

Mpango mzuri si kitu cha kubuni. KWS kwa miaka mingi imetenganisha kambi za umma, ambazo mnachangia na yeyote atakayekuja, na kambi maalumu, ambazo kundi moja huzihifadhi mapema, hulipa ada ya kuhifadhi na kuwa peke yake. Huko maalumu mara nyingi hakuna choo wala maji, na wanakuambia hivyo mapema, basi unajipanga. Na msiseme ardhi ya kaunti haiwezi. Mara Triangle, sehemu ya Maasai Mara iliyo ng'ambo ya magharibi ya mto Mara, ni ya Narok lakini tangu 2001 inasimamiwa na shirika la Mara Conservancy, na wao pia wana kambi za umma na za faragha.

Naomba kila kaunti itangaze orodha ya kambi zake, kwa Kiswahili pia, maana anayewasha moto kambini ni mimi wala si mgeni. Iseme maji yapo au hayapo. Iseme kuni zinatoka wapi. Kuna malango yanayokataza kuokota hata kijiti, kisha nyuma ya kibanda nauziwa mzigo wa kuni za mgunga, na mimi sijawahi kuuona mgunga ukiota sokoni. Iseme askari wa usiku analipwa na nani na muziki unazimwa saa ngapi. Iseme pia kambi bado ipo. Ziwa Bogoria lilipanda miaka ya karibuni likameza barabara za kando na lango la Loboi la zamani, lakini ramani niliyonayo kwenye sanduku la jikoni bado inanipitisha humo.

Hapa waajiri wangu hawatapenda ninachosema. Nafasi zikianza kuhifadhiwa, kampuni kubwa zitazikamata zote za Agosti na Desemba, halafu nusu zibaki tupu huku familia kutoka Nakuru au Kisii ikigeuzwa langoni. Kwa hivyo anayehifadhi alipe sehemu ya pesa isiyorudishwa, na asipofika kufikia saa kumi na moja jioni bila taarifa, nafasi apewe aliyepo. Zibaki pia sehemu kadhaa za wanaojitokeza bila kuhifadhi. Wakenya wengi hupanga matembezi usiku wa kuamkia safari, na mbuga hizi ni zao kabla hazijawa za mtu wa dola 200.

Na kama pesa taslimu hazitakiwi, lango liwe na mtandao. Ni aibu karani wa serikali kufanyia kazi juu ya kichuguu.

Ada hizi zote huwekwa kwenye miswada ya fedha ya kaunti, na kila mswada huletwa kwa maoni ya umma. Vikao hivyo hujaa wafanyabiashara wa soko na bodaboda, watu wa kambi hatuonekani. Wapishi na madereva wenzangu, mtakaposikia tarehe ya kikao katika kaunti yoyote yenye mbuga, nipeni habari. Nitaomba ruhusa kazini niende.

Mpishi wa Safari,
Nakuru