Hiyo siyo aleji mwanangu, ni choa

Mwanangu,

Picha ya hilo duara la kwenye ngozi uliyonitumia jana usiku ukisema ni aleji nimeiona. Hiyo siyo aleji bwana, mi nimenyoa vichwa hapa Moshi tangu hujazaliwa, duara kama hilo silikosei, ukingo umeinuka una magamba halafu katikati kama pamepona. Pale katikati pasikudanganye, hao fangasi wanakula keratini, ile protini ya ngozi ya juu, nywele na kucha, mwili ukiwabana katikati wao wanasogea pembeni, ndo maana linazidi kutanuka. Kitaalamu wanaitwa dematofaiti, wenye fujo zaidi ni wa jamii ya Trichophyton.

Sasa kilichonikera ni hiyo tyubu uliyopewa na mwenzio wa geto. Igeuze usome kwa nyuma, ukikuta betamethasoni au klobetasoli achana nayo kabisa. Hiyo ni steroidi, inashusha kinga ya ngozi, siku mbili tatu kuwasha kunakata unajiona umepona kumbe fangasi wanajilia bila bughudha, duara linapoteza umbo mpaka daktari mwenyewe anababaika, na ukiacha kupaka linarudi baya kuliko mwanzo. Vijana wengi sana wanaharibika mapaja na uso hivi, na muuza duka anakupa tu maana inauzika. Hata ile ya mchanganyiko, dawa ya fangasi na steroidi humo humo, siitaki.

Chukua krimu ya fangasi, klotrimazoli tupu, paka mara mbili kwa siku, uvuke ukingo kidogo maana wengine washafika kwenye ngozi unayoiona nzima, na likipotea usiache, endelea kama wiki mbili hivi. Jikaushe vizuri kabla ya kuvaa. Taulo lako ni lako, hilo la kuazimana mtaambukizana geto zima.

Na niambie ukweli, vidole vya miguu navyo vinawasha? Kama vinawasha tibu vyote kwa pamoja, na asubuhi vaa soksi kwanza ndo uvae boksa, la sivyo boksa inapita kwenye fangasi wa miguuni inawapandisha juu.

Mdogo wako ana mapunye, usimwambie mama yako apake krimu, krimu haifiki kwenye shina la nywele. Huyo ni wa vidonge, grisiofulvini, wiki sita mpaka nane, ameze na maziwa au chakula chenye mafuta ndo inaingia vizuri mwilini. Ya mjomba wako mgongoni ni kitu kingine, ile mba inatokana na Malassezia, aina ya fangasi ambayo kila mtu anaishi nayo kwenye ngozi, joto na jasho vikizidi inachachamaa, kwa hiyo mwache kumsema eti haogi. Rangi yenyewe inachukua miezi kurudi hata akishapona.

Ukiona hilo duara lako halipungui usibadilishe dawa kila wiki, panda gari uje nikupeleke hospitali ya KCMC hapa Moshi, pale kuna kituo cha ngozi tangu 1992 kinafundisha madaktari wa nchi kibao, wanakwangua magamba kidogo wanaweka potashi wanaangalia kwenye hadubini, wanakwambia kama ni fangasi au siyo. Ila hiyo steroidi uwaambie uliipaka, usifiche.

Hela ya dawa nimetuma saa hii, na ya kutolea nimeweka. Isiende kwenye chipsi.

Baba yako