Liyongo na Tupa Yake: Barua kwa Vijana wa Baraza la Langoni

Wanangu,

Assalamu alaikum. Juzi baada ya isha nilipita hapo mnapokaa, nikamsikia mmoja wenu akisema, "Ya nini Liyongo kuhangaika kutoka gerezani, na kifo chake kishaandikwa?" Wenzake wakaitikia, "Kweli." Nikapita kimya, lakini sijatulia tangu usiku ule. Aliyesema ana miaka 22, chuo amekiacha, na kila akiulizwa hujibu, "Sikuandikiwa."

Haya, nisikilizeni. Kweli, Fumo Liyongo, shujaa wetu wa kale aliyefungwa na mfalme wa Pate, hakufishwa ila na sindano ya shaba kitovuni, na mwenyewe alijua. Muhammad Kijumwa wa Lamu hii hii, aliyetunga utenzi wake mwaka 1913, hakulificha hilo. Basi huyo aliyekijua kifo chake ndiye aliyemtuma kijakazi Saada kwa mama yake, amwokee mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, wenye tupa ya kukatia chuma ndani. Walinzi wakala vyakula vizuri, wakamtupia ule wa wishwa. Kisha akaomba ngoma ya gungu ipigwe, na pembe na matoazi yakafunika sauti ya tupa.

Hapo nyinyi mnapita mbio. Mimi siwezi. Ujanani nikijifunza kuunda madau Matondoni, fundi alinipa tupa nikate pete moja ya mnyororo wa nanga. Nilianza baada ya alasiri. Vumbi jeusi la chuma likanimwagikia gotini, lengelenge likatoka kiganjani, likapasuka, na kwenye pete hamna ila mstari mwembamba kama wa ukucha. Maghrib ikaadhiniwa haijakatika. Na mimi nimekaa kitako, upepo unanipiga, mikono yangu huru! Mwenzangu Liyongo alikuwa gizani, kafungwa, akisikika tu kesho hayupo. Huyo ndiye mnayesema alihangaika bure?

Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, sibishani nayo. Lakini nani kati yenu aliyeonyeshwa yake? Liyongo alikijua chake, na pingu akazikata.

Na sisi wazee hatusalimiki. Neno hilo mmelitoa kwetu. Binti akitolewa shule aolewe, twasema kaandikiwa. Kijana akivuta unga mpaka akalala gatini, twasema kaandikiwa, na aliyemuuzia twamjua, twapeana naye mikono msikitini. Tutaulizwa.

Mengine: swalini kwa wakati. Lipeni madeni. Msiwaandame watalii. Mama akikutuma, nenda.

Mwanawe alipomuuliza siri ya kifo chake, Liyongo alijua kuwa katumwa na adui zake, na bado akamwambia. Nimeliwaza hilo miaka mingi, na kila nikifika hapo machozi hunitoka. Alipochomwa na mwanawe sindano ile, alichukua uta, akaenda kisimani, akapiga goti mshale ukiwa tayari, akafa vivyo hivyo. Watu wakakosa maji kwa kuogopa kumsogelea.

Wewe uliyesema maneno yale, njoo kwangu Jumamosi asubuhi, uje na karatasi zako za chuo. Mlango utaukuta wazi.

Babu yenu,
Lamu