Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, na amani iwe kwenu nyote mliofika.

Mahesabu atawasomea mweka hazina. Ziara ya wanafunzi wa sekondari kule Fort Jesus ilikwenda salama, na waliojitolea kuwaongoza nawashukuru sana. Wakati uliobaki nautaka kwa jambo moja lililotuumiza mwaka huu, nalo ni namna tulivyogawa ruzuku yetu ya utafiti.

Kamati, nami nikiwa mwenyekiti wake, iliamua kuwapanga waombaji kwa fahirisi ya h, yaani kipimo cha makala za mtafiti na mara ngapi wenzake wamezinukuu. Tuliona ni haki, kwani namba haina ndugu wala jirani. Wengi mnaijua: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara 10. Aliyeileta ni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California, mwaka 2005. Aliwapima wanafizikia wenzake, na papo hapo akaeleza kwamba vigogo wa biolojia wana h kubwa kuliko wa fizikia. Sisi tulichukua kipimo, onyo tukaliacha.

Watafiti wa tiba na wa bahari wakakaa juu. Chini kabisa akawa mwanachama wetu mmoja, mama ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisoma na kuhariri miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hakuandika barua ya malalamiko. Alikuja kwangu jioni moja baada ya swala ya alasiri, akafungua kipande cha kanga, ndani mna mswada ulioliwa na wadudu pembeni. Akaweka kidole kwenye mshororo ambao wino wake umefifia mpaka haubaki ila nukta za herufi. "Mwalimu," akaniambia, "huu ulinichukua wiki tatu. Wanaoweza kuusoma ni wangapi, hata waninukuu?" Sikuwa na la kumjibu.

Kesho yake nikakaa na katibu tukaikagua rekodi yake upya. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu, kwa hivyo Google Scholar, mtandao tuliotegemea kuhesabu nukuu, ilikuwa imezitawanya kazi zake kana kwamba ni za watu watatu. Makala zake mbili zimo katika majarida yaliyochapwa kwa karatasi tu. Kitabu chake, ambacho wanafunzi wa fasihi hawakiachi mkononi, hakikuhesabiwa kabisa.

Lakini hata tungehesabu kila kitu, bado tungekosea. Makala ya tiba huwa na waandishi wengi na orodha ndefu ya marejeleo, na ndani ya miaka miwili mitatu imekwisha nukuliwa kwingi. Ya hisabati au ya fasihi hukaa miaka kabla haijapata wa kuishika. Mwaka 2015 makala moja ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilitoka na waandishi zaidi ya 5,000, na fahirisi ya h humhesabia kila mmoja makala nzima. Kumweka mwanafasihi kwenye orodha moja na hao ni kupima kitambaa kwa pishi. Isitoshe, h haishuki kamwe: mwenye miaka 30 kazini mara nyingi humzidi kijana hata kama ameacha kuandika zamani.

Iko njia bora kidogo. Idadi ya kunukuliwa kwa makala hugawanywa kwa wastani wa makala za taaluma ileile, za mwaka uleule. Tuseme makala ya fasihi imenukuliwa mara 12 na wastani wa wenzake ni 4: inapata 3. Ya tiba imenukuliwa mara 30 na wastani wa wenzake ni 30: inapata 1. Wa 12 amempita wa 30. Njia hii nayo ina udhaifu wake, maana makala moja iliyovuma huvuta wastani juu, na katika taaluma yenye watu wachache wastani huyumba. Ndiyo maana Azimio la Leiden la mwaka 2015, tamko la wataalamu juu ya kupima utafiti kwa namba, linataka namba zisaidie uamuzi wa wajuzi, zisichukue mahali pake, na linataka pia utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe.

Nami nasema wazi: kosa lilikuwa langu, na mama yule nimemwomba radhi mbele ya kamati.

Kwa hiyo naleta mapendekezo myapigie kura leo. Kila mwombaji alete kazi zake tatu anazozithamini zaidi, kwa lugha yoyote, zisomwe na watu wawili wa taaluma yake. Namba zikitajwa, zilinganishwe na za wenzake wa taaluma na umri wa kazi ule ule. Kitabu na uhariri wa mswada vihesabiwe. Kazi itakuwa nzito, maana sasa itabidi tusome, na wasomaji hatuna wa kutosha upande wa uhandisi na sheria. Walio tayari waandike majina kwa katibu kabla hatujatoka ukumbini.